Nyali hadi Mtwapa kwa miguu: kupanga siku za kwanza na familia

Anayetaka kuutembea ufuo wa Pwani ya Kenya kwa vipande, leo Nyali, mwezi ujao Kikambala, mpaka siku moja afike Malindi, kwa kawaida huanza kwa kuhesabu kilomita. Anza na maji. Wakati wa bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na ikijaa, sehemu nyingi za Nyali na Bamburi mawimbi hupiga kuta za mahoteli. Huna pa kukanyaga wala pa kutokea.

Tazama tarehe ya mwezi wa Kiislamu. Mwezi mosi hadi tatu, na kumi na tano hadi kumi na saba, maji hupwa (hushuka) sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Hizo ndizo siku za kuanzia. Mwezi nane au tisa ni maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo tu, na asubuhi ndipo yanapojaa, basi pumzikeni nyumbani. Kupwa huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo soma jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, la siku yenyewe. Ingieni ufuoni masaa mawili kabla ya kupwa, na muwe mmetoka saa moja na nusu baada yake. Msizidishe, kwani maji yakishaanza kupanda, saa ya tatu na ya nne ndizo zenye kasi kuliko zote.

Kipande cha kwanza kiwe Nyali hadi Pirates, ufuo wa umma wa Bamburi, kilomita 5 hivi. Mkiwa na watoto, hesabuni kilomita 3 kwa saa, mapumziko yakiwemo. Cha pili, Pirates hadi Shanzu. Mkifika Mtwapa msijaribu kuvuka mlango wa bahari kwa kuogelea, mkondo wake una nguvu. Pandeni barabarani mpite darajani.

Anayebaki na gari ana kazi nzito kuliko anayetembea. Mwandikieni saa ya kupwa, mahali pa kukutania na saa ya mwisho ya kusubiri. Njia za umma za kushukia ufuoni ni chache, kwa hiyo siku moja kabla piteni naye barabara ya Malindi, mshuke kila njia, na mpige picha ya mlango wake kutoka upande wa bahari: ukiwa mchangani kuta zote zinafanana. "Tuonane Pirates" haitoshi, hasa Jumapili watu wakifurika. Tajeni kibanda au mti. Mkichelewa dakika 30, apige simu. Ikipita saa nzima bila jibu, na wanaosubiri wakiwa wawili, mmoja ashuke kuwafuata na mwingine abaki garini. Kwa dharura ni 999 au 112. Funguo za gari zikae kwa dereva, zisije zikaachwa kwenye mkoba ulioko ufuoni. Kama hamna gari, tuktuk inatosha, ila patana bei na saa ya kurudi mapema.

Kila mtu mzima abebe lita 2 za maji, na garini kuwe na dumu la lita 10. Chakula kiwe tende, ndizi, karanga na mahamri. Mbaazi za nazi ziacheni nyumbani, tui huchacha upesi kwenye joto.

Upepo nao una lake. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, kuelekea kaskazini mnasukumwa mgongoni. Wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, geuzeni safari, muanzie Shanzu.

Tembeeni kwenye mchanga mgumu uliolowa, pale palipo tambarare. Ufuo ukiteremka, mguu wa upande wa bahari hukaa chini zaidi ya mwenzake na nyonga huanza kuuma. Vaeni raba, kwa sababu miambani kuna miiba na matumbawe makali. Mtu akihisi kisigino kinawaka, asimame papo hapo, akung'ute mchanga kwenye soksi, akaushe ngozi, abandike plasta. Lengelenge likishatunga, siku hiyo imekwisha kwake, na gari limfuate kwenye njia ya kutokea iliyo karibu.