Somo: Shahada ya uzamili ndani ya mradi mkubwa wa utafiti wa tiba

Somo hili linawahusu wanafunzi wa uzamili waliopata nafasi kwenye miradi ya ushirikiano, kama ile ya Moshi ambako hospitali ya rufaa ya KCMC na taasisi ya utafiti ya KCRI hufanya kazi na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani. Mradi una fedha, maabara na wataalamu, lakini shahada hutolewa na chuo, na masharti ya chuo hayatimizwi na mradi kwa niaba yako.

Hatua ya 1: Jua unadaiwa nini. Kwa viwango vya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, shahada ya uzamili haipungui krediti 180, na krediti moja ni saa 10 za kazi, darasani na nje yake. Soma mwongozo wa chuo chako uone kama kuna makala ya jarida inayotakiwa kabla ya kuhitimu. Ukiwa umesajiliwa vyuo viwili, usihesabu somo la takwimu la huku kuwa limekubalika kule mpaka uwe na barua mkononi.

Hatua ya 2: Kata kipande chako. Swali lako liweze kujibiwa bila kungoja mradi uishe. Kaa na msimamizi wako na mtafiti mkuu, mwandike ukurasa mmoja: swali ni lipi, utatumia data zipi, utazipata lini, nani mwandishi wa kwanza. Wote watie sahihi. Ugomvi mwingi wa mwaka wa pili huzaliwa na ukurasa huu kutoandikwa.

Hatua ya 3: Idadi ya washiriki. Kwa utafiti wa kupima kiwango cha tatizo, chukua 1.96 (namba ya uhakika wa asilimia 95) kwa kipeo cha pili, zidisha kwa kiwango kinachotarajiwa, zidisha kwa kilichobaki kufikia 1, kisha gawanya kwa kipeo cha pili cha kosa unaloruhusu. Kiwango kikiwa 0.2 na kosa 0.05, jibu ni 246. Ukitegemea asilimia 10 kutoshiriki, gawanya kwa 0.9, upate 274. Wengi huongeza tu asilimia 10 juu ya 246 na kupata 271, hao hawatoshi.

Hatua ya 4: Kibali cha maadili. Hapa ndipo muda unapoliwa, kwa hiyo anza kuandaa nyaraka wakati bado uko darasani. Andiko la utafiti hupita kwanza kamati ya maadili ya chuo au ya taasisi. Kwa upande wa Arusha ipo ile ya pamoja ya hospitali ya Kibong'oto, chuo cha Nelson Mandela na CEDHA, kituo cha elimu ya afya. Penye washirika wa nje, hufuata kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mtafiti mgeni anahitaji pia kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na jaribio la dawa lazima lipite TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na kusajiliwa kabla ya mshiriki wa kwanza kuandikishwa.

Maandiko hurudishwa kwa mambo yanayoepukika kabisa: fomu ya ridhaa ya Kiswahili isiyolingana na ya Kiingereza, idadi ya washiriki inayosema 246 kwenye muhtasari na 274 kwenye mbinu, hojaji yenye maswali ambayo malengo hayayataji. Mpe mtu asiye wa fani yako aisome fomu ya Kiswahili kwa sauti. Akikwama, mgonjwa naye atakwama.

Kibali cha NIMR hudumu mwaka mmoja, na taarifa ya maendeleo hutakiwa kila miezi sita. Ukishakipata, fuata barua za mkoa na wilaya kabla ya kukanyaga kituo cha afya.

Hatua ya 5: Kukusanya. Jaribu hojaji kwanza kwa watu wachache wasio washiriki. Lebo za mirija ya sampuli ziwe zinazostahimili nyuzi 80 chini ya sifuri, maana za kawaida hubanduka, na sampuli isiyo na namba ni ya kutupwa.

Maswali ya wanafunzi

*Rau, Moshi: Shikamoo mwalimu. Data za mradi zilishakusanywa. Bado nahitaji kibali?*
Marahaba. Ndiyo. Angalia ridhaa ya awali iliruhusu matumizi gani, kisha omba marekebisho ya kibali cha mradi au kibali kipya. Kamati ndiyo huamua, si msimamizi.

*Ngaramtoni: Mshiriki hajui kusoma. Nifanyeje?*
Dada, fomu isomwe yote mbele ya shahidi asiye mfanyakazi wa mradi. Mshiriki aweke dole gumba, shahidi atie sahihi na tarehe.

*Shanty Town: Sampuli zangu za damu zitapimwa Marekani. Utaratibu ukoje?*
Unahitaji mkataba wa kuhamisha sampuli uliosainiwa na taasisi zote mbili na kuidhinishwa na NIMR. Data nazo zina mkataba wake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu: ondoa majina na namba za simu kabla ya kutuma. Usipange tarehe ya kusafirisha sampuli kwa ndege kabla ya sahihi ya mwisho.

*Usa River: Kibali kinaisha mwezi ujao na bado nakusanya.*
Kaka, omba kuhuisha leo, ukiambatisha taarifa ya maendeleo. Kikiisha kabla ya kujibiwa, simamisha uandikishaji siku hiyohiyo. Utakachokusanya bila kibali hakiwezi kuingia kwenye tasnifu. Na ukimaliza, kumbuka ruhusa ya NIMR ya kuchapisha huombwa kabla ya kutuma makala kwenye jarida.