Sikiliza pia nyuma ya kiota

Kama unafuatilia kamera ya kiota, ya moja kwa moja mtandaoni, ya Woodland Trust (shirika la kuhifadhi misitu) kule Loch Arkaig, Uskoti, wakati furukombe (osprey, ndege mwindaji alaye samaki) wanapotaga na kulea, usiache sauti imezimwa. Nusu ya utamu iko masikioni.

Kwanza zoea sauti ya furukombe mwenyewe: filimbi nyembamba, fupifupi, "kyu-kyu-kyu", hasa jike anapomdai dume samaki. Ukishaijua, hutaichanganya na nyingine. Kisha ingia mwezi wa Mei, saa kumi alfajiri ya huko, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili asubuhi. Upepo ukiwa umetulia, kipaza sauti hunasa msitu mzima.

Weka simu yenye programu ya Merlin, inayotambua ndege kwa sauti zao, karibu na spika ya kompyuta, ukiwa umepakua kifurushi cha ndege wa Ulaya. Ila jina ikikupa, usilibebe hivihivi. Fungua rekodi za ndege huyo, linganisha, na uangalie kama kweli anaishi Uskoti.

Mimi ninayempenda kuliko wote ni Phylloscopus trochilus, kadege kadogo ka kijani na manjano. Wimbo wake huanza juu, ukashuka taratibu kama maji yanayoteremka ngazi, kisha ukafifia. Jamii yake huja hata kwetu Afrika Mashariki kukimbia baridi, ingawa wale wa Uingereza huelekea zaidi Afrika Magharibi. Ukimsikia, andika saa. Kesho yake rudi saa ileile.