Kisima kikianza kuwa na chumvi, usiongeze kina

Maji ya kisima yakianza kuwa ya chumvichumvi, jambo la kwanza wengi wanalofanya ni kumwita fundi aongeze kina. Hilo ndilo kosa kubwa kwenye mashamba madogo ya Mombasa, kama Kisauni, Bamburi, Likoni na Mtongwe, na sababu yake iko chini ya miguu.

Karibu na ufuo, ardhi yetu ni mchanga na mwamba wa matumbawe wenye matundu kama sifongo. Maji ya mvua yaliyozama humo huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi. Kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Hesabu hiyo hugeuka pia: kiwango cha maji kisimani kikishuka nusu mita na kubaki hapo, mpaka wa chumvi unaweza kupanda karibu mita 20. Anayechimba zaidi anaifuata chumvi iliko.

Bahari nayo inapanda. Kati ya 1901 na 2018 ilipanda duniani kwa wastani wa sentimita 20, na kuanzia 2006 hadi 2018 kasi ilikuwa milimita 3.7 kwa mwaka. Jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, lilikadiria mwaka 2021 kwamba kufikia 2100 itakuwa imepanda sentimita 28 hadi 55 kuliko ilivyokuwa miaka ya 1995 hadi 2014, iwapo gesi joto zitapunguzwa haraka. Zikiendelea kuwa nyingi mno, ni sentimita 63 hadi 101. Na hata joto likitulia, bahari itazidi kupanda kwa karne nyingi, maana maji ya kilindini huchelewa kupata joto na barafu huchelewa kuyeyuka. Hata hivyo, pampu inayovuta bila kiasi inaweza kuharibu kisima haraka kuliko bahari inayopanda, na pampu iko mikononi mwako.

Vuta kidogo kidogo: dakika 40 asubuhi na 40 jioni ni bora kuliko saa tatu mfululizo. Mdomo wa bomba la kuvutia usiuteremshe hadi chini kabisa. Uweke kama nusu mita chini ya uso wa maji, kwa sababu maji ya juu ndiyo matamu zaidi.

Ulimi usiutegemee, unazoea. Tumia kipima chumvi cha mkononi. Vuta maji dakika kumi kwanza, suuza chupa mara tatu kwa maji yale yale, ndipo upime. Pima Machi kabla ya masika, siku ya bamvua, kisha Agosti, na uandike daftarini. Kikisoma 2,000 µS/cm, hiyo ni 2 dS/m; vyote ni vipimo vya jinsi maji yanavyopitisha umeme, na chumvi ikizidi namba hupanda. Maharage, karoti na vitunguu huanza kupunguza mavuno maji yakipita 0.7 au 0.8 dS/m, pilipili kwenye 1, nyanya kwenye 1.7. Kunde huvumilia hadi 3.3, na ndiyo mboga ya kukimbilia.

Maji ya 2 dS/m yana takriban gramu 1.3 za chumvi kwa lita. Tuta la mita 1 kwa 10 likinyweshwa mitungi miwili ya lita 20 kila siku kwa siku 90, utakuwa umelimwagia zaidi ya kilo nne na nusu za chumvi. Maji hupaa, chumvi hubaki. Ndiyo ule ukoko mweupe juu ya tuta, na kingo za majani zinazoungua kana kwamba zimepigwa na moto. Kwa hiyo penye nyanya ongeza lita 10 juu ya kila 40, ziisukume chumvi chini ya mizizi. Hilo hufaa kwenye mchanga. Udongo mzito usiopitisha maji uchimbie mtaro kwanza. Mwagilia chini ya shina, si juu ya majani, kisha tandaza makuti makavu unene wa sentimita 8. Mbolea ya kuku mbichi ina chumvi yake, iache iive.

Wenye mipira ya matone wana mtego wao. Chumvi hujikusanya ukingoni mwa doa la maji, na manyunyu ya kwanza huirudisha kwenye mizizi. Siku ya manyunyu usifunge maji, endelea kumwagilia mpaka mvua ya kweli ishuke.

Joto lina hesabu yake. Usiku ukipita nyuzi 24, maua ya nyanya hupukutika bila kushika matunda, na Februari na Machi tumeshafika hapo. Kila nyongeza ya joto itaurefusha msimu huo. Panda miche ili maua yaangukie Julai na Agosti, wakati wa kusi.

Kitalu kimwagilie maji ya mvua tu, kwa kuwa mche mchanga hauvumilii chumvi. Paa la mita za mraba 50 hukusanya takriban lita 400 kwa mvua ya milimita 10, ukiondoa yanayopotea. Mvua ya kwanza igeuzie nje ya tangi kwa dakika kumi, isombe vumbi na mavi ya kunguru.