Jinsi ya kulinganisha pikipiki na skuta mpya ukiwa kwenye maonyesho

Kwenye maonyesho ya pikipiki vyombo vingi vimesimama tu. Injini haziwashwi ukumbini, breki hazijaribiwi, kona hakuna. Faida yake ni kwamba washindani wote wako chini ya paa moja, na unaweza kushuka kwenye siti ya hii ukapanda ile kabla mapaja yako hayajasahau. Mwili husahau haraka. Ukikalia skuta leo na nyingine wiki ijayo, utakachokumbuka ni rangi na bei. Ukizikalia zote mbili ndani ya dakika kumi, utajua ipi inakubana goti na ipi inakulazimisha kunyoosha mkono. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya jambo hilo.

Hatua ya 1: Andaa orodha fupi kabla hujatoka nyumbani

Maonyesho makubwa hayamalizwi kwa siku moja. EICMA, maonyesho ya pikipiki ya Milano, Italia, yaliyoanza mwaka 1914, hujaza kumbi kadhaa kubwa. Chagua vyombo vinne au vitano vya kulinganisha kwa dhati. Ukibaki na muda, zunguka ufurahie macho.

Anza na leseni yako inavyoruhusu. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, daraja la A1 linaishia kwenye sisi 125 (cc, yaani ujazo wa injini) na nguvu ya kilowati 11, na A2 linaishia kwenye kilowati 35. Hakuna haja ya kupoteza asubuhi nzima kwenye chombo usichoruhusiwa kukiendesha.

Kwa kila chombo andika kimo cha siti, uzito, ujazo wa tangi, ukubwa wa rimu na kilomita za kutoka huduma moja hadi nyingine. Kwenye uzito fungua macho. Kuna kampuni zinazotaja uzito mkavu, yaani bila mafuta na vimiminika vingine, na kuna zinazotaja uzito wa chombo kikiwa tayari kwa safari. Lita moja ya petroli ina takribani kilo 0.75, kwa hiyo tangi la lita 16 peke yake ni kilo 12, na bado hujaweka oili wala maji ya kupozea injini. Ukilinganisha uzito mkavu wa pikipiki moja na uzito kamili wa nyingine, umejidanganya kabla hujafika.

Vaa viatu vile vile unavyoendeshea. Kama huwa unabeba mtu, nenda naye.

Hatua ya 2: Tofautisha kinachouzwa na kinachoonyeshwa tu

Fika mlango unapofunguliwa, maana saa mbili za kwanza ndizo zenye nafasi ya kukaa bila kusukumwa. Ukifika bandani, hakikisha kwanza kwamba chombo kilicho mbele yako kitauzwa kikiwa hivyo. Kama hakina vioo vya pembeni, hakina indiketa, hakina pa kufungia kibao cha namba, na dashibodi ni kioo cheusi kisichowaka, basi hilo ni wazo la wabunifu. Litazame, lipige picha, songa mbele.

Hata kilicho tayari kwa soko huletwa kikiwa kimepambwa: ekzosi ya ziada, masanduku ya pembeni, kioo kirefu cha upepo. Vyote hivyo hulipiwa kando. Kinachopotosha zaidi ni siti. Banda linaweza kufunga siti ya chini ili kila mtu afikishe miguu chini, wakati ile inayokuja na chombo iko juu zaidi. Uliza moja kwa moja: "Hii siti ndiyo inayokuja nayo, au ni ya kuagiza?"

Hatua ya 3: Kaa, na ukae kweli

Watu wengi hupanda, hushika usukani, hupigwa picha na kushuka. Nusu dakika haitoshi kujua lolote. Kaa dakika tatu mpaka tano kama foleni inaruhusu, na fanya mambo yale yale, kwa mpangilio ule ule, kwenye kila chombo.

Kwanza angalia kama kimefungwa. Mabanda mengi hukaza gurudumu kwenye kibano ili chombo kisianguke. Kikiwa hivyo hutahisi uzito wake, na wakati mwingine hata shokomzoba hazibonyei kama kawaida. Kama kimesimama kwa stendi ya pembeni, omba ruhusa ukiinue wima kwa mapaja. Hapo ndipo namba ya uzito inapogeuka kuwa kitu unachokihisi. Kuna pikipiki nzito zinazoinuka kwa urahisi kwa sababu uzito wake uko chini, na kuna nyepesi zinazokulemea kwa sababu tangi limekaa juu.

Halafu miguu. Siti ya skuta ya Honda PCX iko kwenye milimita 764, ya pikipiki ya Yamaha Ténéré 700 kwenye 875. Tofauti inapita sentimita 11, na kila mtu ataihisi. Lakini vyombo viwili vyenye kimo kile kile cha siti vinaweza kutofautiana sana, kwa sababu ya upana. Siti ya skuta mara nyingi ni pana na sakafu yake husukuma mguu nje, wakati pikipiki iliyokondeana karibu na tangi huruhusu mguu ushuke moja kwa moja. Sogea mbele kama unavyofanya ukisimama kwenye taa, weka mguu mmoja chini, na mwingine uuache kwenye breki au sakafu. Mimi sidai unyayo wote ukanyage chini. Nadai mguu mmoja ukanyage kwa uhakika bila nyonga kupinda.

Sasa fumba macho, nyoosha mikono mahali inapotaka kwenda yenyewe, kisha fumbua. Kama vishikio viko mbali na hapo, mabega yatakwambia baada ya saa moja barabarani. Kata usukani wote kushoto, halafu wote kulia. Kwenye pikipiki angalia kama vidole vinabanwa kati ya usukani na tangi. Kwenye skuta angalia magoti: mtu mrefu hukuta usukani unagusa goti anapokata kona kali, na hilo halirekebishiki. Kama chombo ni cha njia mbovu, omba usimame kwenye vikanyagio, ukiona mikono inabidi iiname mpaka mgongo upinde, kitakuchosha.

Hatua ya 4: Mikono inajua nini tayari?

Anayelinganisha pikipiki na skuta husahau wenzo wa kushoto. Kwenye pikipiki ya gia, huo ni klachi. Kwenye skuta, ni breki. Aliyezoea klachi kwa miaka, siku ya dharura mkono wake wa kushoto utakamata kwa nguvu bila kufikiri. Hiyo si sababu ya kukataa skuta, ni sababu ya kupanga siku kadhaa za mazoezi mahali patupu.

Mpaka kati ya makundi haya mawili unazidi kufifia. Honda X-ADV ina umbo la skuta lakini injini yake ni ya sisi 745 yenye gia za klachi mbili zinazojibadilisha zenyewe. Mwaka 2023, kwenye EICMA, Honda walionyesha E-Clutch kwenye CB650R na CBR650R: wenzo wa klachi upo, ila si lazima uuguse. Ukikuta chombo cha aina hiyo, kiweke kwenye orodha ya pikipiki na ya skuta pia.

Jaribu kama wenzo unaweza kusogezwa karibu na vidole. Tazama vioo: ukiona kiwiko chako tu, ndivyo kitakavyokuwa kila siku.

Hatua ya 5: Piga goti uangalie chini

Hapa ndipo skuta na pikipiki zinapoachana hasa. Vespa nyingi za sasa zina rimu za inchi 12, Honda SH125i inchi 16, pikipiki nyingi za lami 17, na Ténéré 700 inchi 21 mbele. Gurudumu kubwa hupita juu ya shimo ambalo dogo hutumbukia. Kama barabara zako ni mbovu, namba hii ina uzito kuliko nguvu ya farasi.

Angalia injini imefungwa wapi. Kwenye skuta nyingi, injini na gurudumu la nyuma ni kitu kimoja kinachopanda na kushuka pamoja. Uzito huo wote hurukaruka na gurudumu na shokomzoba hushindwa kuutuliza haraka, ndiyo maana tuta dogo hukupiga kiunoni. Kwenye skuta ya TMAX ya Yamaha injini imefungwa kwenye fremu, na ni sababu mojawapo inayofanya iendeshwe kwa utulivu wa pikipiki.

Kuhusu breki, uliza: "ABS ni ya magurudumu yote mawili, au ya mbele tu?" Ulaya inalazimisha ABS kwa vyombo vipya vya zaidi ya sisi 125, lakini vya chini ya hapo vinaweza kuja na breki zilizounganishwa badala yake. Maneno hayo mawili si kitu kimoja. ABS huzuia tairi lisijifunge, breki zilizounganishwa hugawa tu nguvu ya kusimama kati ya mbele na nyuma.

Ukiwa bado chini, tafuta nati ya kumwagia oili na mahali pa plagi. Kama lazima uvue plastiki nusu ya mwili ili ufike, fundi atakulipisha muda huo.

Hatua ya 6: Mzigo na abiria

Fungua siti ya skuta na ujaribu helmeti yako mwenyewe, ile inayofunika uso wote. Picha za matangazo hutumia ndogo. Kisha mpandishe abiria wako nyuma na umwache aseme.

Hatua ya 7: Za umeme zina maswali yao

Nguvu huandikwa mara mbili: ya kilele, inayodumu kwa muda mfupi, na ya kuendelea. BMW CE 04 ina kilowati 31 za kilele na 15 za kuendelea. Banda moja likitaja ya kwanza na jingine la pili, ulinganisho hauna maana. Umbali pia hutofautiana mno: CE 04, yenye betri ya kilowati-saa 8.9, imetajwa kufika kilomita 130, na Honda EM1 e: yenye betri ya kutoa, kilomita 41 hivi. Kama betri hutolewa, omba uinyanyue. Ya Honda ina kilo 10 hivi, na utaibeba ngazini kila jioni.

Hatua ya 8: Maswali yale yale kwa kila mhudumu

Kwa skuta: mkanda unaozungusha gurudumu unabadilishwa baada ya kilomita ngapi? Kwa pikipiki: mwanya wa valvu za injini unakaguliwa baada ya kilomita ngapi? Jibu la pili lina tofauti kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ducati wametaja kilomita 60,000 kwa Multistrada V4, na zipo pikipiki zinazodai ukaguzi huo mapema zaidi ya nusu ya hapo. Kazi hiyo ni ghali. Uliza pia spea zinatoka wapi na huchukua muda gani kufika. Andika jibu papo hapo. Mhudumu akisema hajui, andika hivyo hivyo.

Hatua ya 9: Rudi kwenye ya kwanza

Ulipokalia chombo cha kwanza hukuwa na cha kulinganisha nacho, kwa hiyo hukumu yako haikuwa ya haki. Kirudie mwishoni, halafu nenda moja kwa moja kwenye kile kilichokuvutia zaidi, bila kupita kwingine. Mara nyingi nafasi ya kwanza na ya pili hubadilishana hapo.

Bakiza viwili. Kabla ya kutoka, waulize wahudumu wa mabanda hayo mawili ni lini na wapi unaweza kuviendesha, kwa siti na matairi yale yale yanayouzwa, na uombe vyote viwili siku moja.