Diski mpya haionekani? Usiirudishe dukani kwanza
Wenzangu wa Tabora mnaojiundia kompyuta nyumbani, diski mpya ikikataa kuonekana msidhani ni mbovu. Mara nyingi huja tupu, haijaandaliwa. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, fungua Disk Management (sehemu ya kusimamia diski), chagua GPT, mpangilio mpya wa kugawa diski (ule wa zamani, MBR, huishia terabaiti 2 tu), kisha iumbize (format).

Kabla ya hapo, chomoa umeme ukutani na ushike chuma cha kasha. Kiangazi hiki cha vumbi kavu mwili hubeba umeme tuli unaoweza kuharibu vifaa. Halafu tazama kichwa cha waya wa SATA, ule unaochomekwa kwenye diski: ndani kina umbo la L. Kikigoma, kigeuze. Mimi nililazimisha, kile kiplastiki chembamba cha diski kikavunjika.