Kumvua kolekole ukiwa ufukweni, na kumshika asikukate

Mwongozo huu ni wa mvuvi asiye na chombo, anayesimama kwenye mchanga unaopigwa na bahari moja kwa moja. Kwa Malindi, nenda upande wa Mambrui, kaskazini ya mlango wa Mto Sabaki, ambako maji ya mto yasiyo na chumvi na tope lake havikuuacha mwamba wa matumbawe uote. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa tangu 1968, kuvua ni marufuku.

1. Nenda kwanza mikono mitupu. Chagua bamvua, siku moja mbili baada ya mwezi mwandamo au mpevu, maji yakiwa yamekupwa kabisa. Utaona fungu la mchanga, na kati ya fungu na ufuko pana mfereji. Tafuta fungu lilipokatika. Hapo ndipo maji hutokea yakirudi baharini, yakiwabeba dagaa na kamba, na kolekole hulijua hilo kabla yako. Weka alama ya mnazi ulio nyuma yako, kwani maji yakijaa hutaona fungu wala mfereji. Utaona tu mahali mawimbi yasipovunjika sana na rangi ya maji imeiva.

2. Rudi maji yakianza kujaa, alfajiri au jioni. Mvua zikinyesha bara na Sabaki ikashusha maji mekundu, mimi hubaki nyumbani.

3. Funga hivi: chubwi (risasi ya kuzamisha mshipi) ya gramu 60 hadi 100 mwishoni, na juu yake ndoana moja kwenye kipande cha mshipi mnene. Moja yatosha, tatu ni kutafuta mafundo. Chambo ni ngisi au dagaa mbichi.

4. Ingia ukiburura miguu, ili taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia mchangani akimbie. Akikuchoma, tia mguu kwenye maji moto kadiri unavyovumilia, kisha hospitali.

5. Tupa mferejini, si mbali. Wanaotupa kwa nguvu zote humpita samaki; kolekole huwinda hata kwenye maji ya kiuno.

6. Akishika, usishindane na wimbi. Linaporudi baharini, mwachie mshipi. Linapokuja, vuta ukirudi nyuma, likutupie samaki mchangani.

7. Kumshika. Usimkamate mkia kwa mkono mtupu: ubavuni karibu na mkia ana magamba magumu yenye makali, na chini, nyuma ya tundu la haja, miiba miwili mifupi. Mfunike kwa kitambaa kilicholowa, mshike nyuma ya kichwa, ung'oe ndoana kwa koleo. Mdogo mrudishe majini, usimtupe kwa juu.

Wa kuliwa mkate mashavuni papo hapo, atoke damu, umtie kwenye barafu. Akikaa juani, nyama yake hujenga sumu ya kuwasha na kuumiza kichwa, ambayo hata ukiikaanga haitoki. Hilo la barafu ndilo wavulana wa ufukweni hulipuuza zaidi, nao huning'iniza samaki kwenye kijiti mpaka adhuhuri.