Jinsi ya kuona kile ambacho filamu imeshindwa kuchukua kutoka kwenye riwaya

Anza na kitabu. Ukitangulia kuona filamu, sura ya mwigizaji itakukaa kichwani na maelezo ya mwandishi kuhusu mhusika hayatakuwa na pa kushika. Hakikisha pia ni riwaya yenyewe: nakala zenye picha ya filamu kwenye jalada wakati mwingine huwa zimefupishwa, na jambo hilo huandikwa kwa herufi ndogo kwenye kurasa za mwanzo.

Usihangaike kuhesabu matukio yaliyokatwa, ingawa wengi huishia hapo. Ukurasa mmoja wa mswada wa filamu hukadiriwa kuwa dakika 1, kwa hiyo filamu ya saa 2 ina kurasa kama 120 tu, tena zenye nafasi tupu nyingi. Riwaya ya maneno 90,000 ikisomwa kwa sauti huchukua karibu saa 10. Lazima vitu vikatwe. Tafuta kile ambacho kamera isingekiweza hata ingepewa saa zote hizo.

Chagua sura tulivu, isiyo na ugomvi wala safari. Kwa penseli, pigia mstari mawazo ambayo mhusika hayatamki, pamoja na mazoea ya muda mrefu. Mfano: "Kwa miaka 3 alipika chakula cha watu wawili, akala peke yake, wala hakujiuliza kwa nini." Kamera itaonyesha jioni moja, sahani mbili, kiti kitupu. Miaka itabidi iandikwe kwenye skrini. Na lile "wala hakujiuliza" litapigwaje picha? Wakiweka sauti ya msimulizi, wamerudi kitabuni.

Kisha tazama kipande hichohicho, ukisimamisha mara kwa mara, uandike kila mstari umegeuka nini: tendo, mazungumzo, muziki, au umepotea. Muziki uutilie shaka zaidi, maana hukuamulia cha kuhisi.

Mwisho, kagua sababu za matendo. Katika riwaya Rebecca ya Daphne du Maurier (1938), Maxim, mume wa msimulizi, alimuua mkewe wa kwanza kwa risasi. (Samahani kwa kufichua siri, kitabu kina zaidi ya miaka 80.) Filamu ya Alfred Hitchcock ya 1940 ikakifanya kifo hicho ajali, kwa kuwa kanuni za Hollywood za wakati huo hazikuruhusu muuaji kubaki bila adhabu. Kitabuni, msimulizi anaposikia ungamo lile, kinachomjaa moyoni ni furaha kwamba mumewe hakumpenda yule wa kwanza, nawe unajikuta upo upande wake. Mtazamaji hakutwishwa mzigo huo.